Inasujudu

Nikigusa breki tu, inasujudu.
Haina wudhuu, haina kibla,
pua inazama mpaka madigadi yanalamba tairi,
na nyuma yangu lita arobaini za akina mama wa Umbwe
zinanisukuma mgongoni
kama mtu aliyechelewa benki.

Mteremko ule naujua kona kwa kona.
Najua mgomba ulioinamia barabara,
najua maji ya mfereji yanapokatiza lami
hata kiangazi.
Jiwe pia nalijua.
Mwaka juzi, mwezi wa nne: mbuzi, breki, jiwe.
Wiki kumi nikawa mtu wa magongo.

Fundi wangu yuko Pasua, mkabala na mashine ya kusaga.
Anaitwa Elinisafi, na hana kidole kisicho na grisi.
Alishika breki, akaikandamiza usukani kwa kifua.
Ikashuka. Ikakaa huko chini.
Ikapanda polepole, ikihema.
“Umeona? Inashuka haina swali, inapanda haina jibu.”

Shokapu mpya? Akataja bei.
Nikapangusa kiti cha pikipiki
kana kwamba hicho ndicho nilichokuja kufanya.

“Basi tuifundishe hiihii,” akasema.
Akaipandisha juu ya kreti la soda,
tairi la mbele likabaki linaning'inia kama mguu wa mtoto kwenye benchi.
Akafungua kofia za juu, taratibu,
maana springi ikikurukia haiulizi una macho mangapi.
Oili ikamwagika kopoani:
nyeusi, nyepesi kama chai ya msibani,
inanuka samaki.
“Hii si oili tena. Hii ni habari ya oili.”

Akatia nzito. Akapima kina kwa kijiti cha mshikaki.
Sili mpya mbili.
Kisha akachungulia ndani ya bomba, akakuna kidevu.
“Springi imechoka, inataka kiti cha kukalia.
Niletee bomba jembamba. La chuma au alumini.
Plastiki usiniletee, itasagika mwezi huuhuu.”

Nyumbani ninalo moja tu la namna hiyo.
Liko nyuma ya pazia,
Ndeshi huangulia maparachichi.
Alinitazama nikilichukua.
Hakuuliza la nini.
“Chukua hilo. Lile la pili liache.”
“Kwa maparachichi?”
“Liache tu.”

Msumeno ulipouma alumini
nilisikia korido ya hospitali,
mpira wa gongo juu ya vigae, kwi, kwi,
na nesi akisema, baba, usiharakishe.
Elinisafi alikata vipande viwili, vidole vitatu kila kimoja,
akavipiga tupa kingo,
akavitumbukiza juu ya springi, akafunga.

Nikaijaribu kwenye reli.
Meno yakagongana. Ikawa imekaza shingo,
pikipiki yenye kiburi cha mlevi wa jana.
“Tumezidisha,” akacheka. “Chuma nacho hakipendi kusimangwa.”
Akafungua tena, akapunguza kidole kimoja.
Mchana mzima uliishia hapo,
na nusu ya pesa ya maziwa.

Leo alfajiri, Umbwe, ukungu, madumu yamejaa.
Mteremko. Breki.
Ikainamisha kichwa
kama anayemwamkia mama mkwe,
ikafikiri kidogo,
ikainuka.
Maziwa yakatulia mahali pake.
Pale kwenye jiwe sikutazama.
Niliyahisi tu mikononi yale magongo mafupi,
vidole viwili kwa vidole viwili,
yakinibeba tena
bila mimi kuchechemea.

Nikafika mjini na dakika saba za ziada.
Sikujua nizifanyie nini.
Nikanunua chai, ile nzito,
nikampigia Ndeshi.
“Imekuwaje?”
“Imesimama.”
Akanyamaza. Nikasikia anavuta pazia,
halafu kitu kikigonga tawi, na parachichi likianguka.